Kwenu vijana mnaosema "anakula lakini anafanya": someni habari za Tanaka Kakuei kabla hamjachukua fomu

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba nyote. Nimekuwa nawasikiliza siku hizi nyie mnaojiandaa kugombea, wengine udiwani wengine ubunge, na kuna kauli inarudi rudi sana midomoni mwenu, eti kiongozi kula si tatizo ilimradi anafanya, bora mwizi aliyejenga barabara kuliko muungwana aliyekaa bure. Sitaki kubishana nanyi kwa maneno matupu. Nataka niwaeleze habari za mtu mmoja aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Japani, manake kama kuna binadamu aliyeiishi hiyo kauli yenu mpaka mwisho wake basi ni huyu, Tanaka Kakuei, na nawaomba msome mpaka chini ndo mnijibu.

Kazaliwa Mei 1918 kijijini huko Niigata, upande wa Japani unaotazama bara la Asia. Msimu wa baridi upepo unatoka Siberia unavuka bahari unagonga milima, basi theluji inashuka upande huo inarundikana mita na mita, vijiji vinakatika miezi mizima, mgonjwa akizidiwa hakuna njia ya kumpeleka hospitali, wanaume wanaondoka kwenda kutafuta vibarua mjini mpaka theluji iyeyuke. Na Tokyo ng'ambo ya milima hiyo hiyo jua linawaka. Watu wa kule walikua wakijua kwamba nchi ina mbele na nyuma, na wao wako nyuma. Shikeni hilo vizuri, bila hilo hamtomwelewa huyu mtu.

Baba yake alikuwa mtu wa farasi na ng'ombe, biashara ikamfia, mama ndiye aliyekuwa anashika jembe. Mtoto mwenyewe alikuwa na kigugumizi, akajitibu kwa kukariri na kuimba hadithi za kale kwa sauti. Shule ikaishia elimu ya msingi tu. Mwaka 1934 ana miaka 15 akapanda treni kwenda Tokyo, mchana kibarua usiku shule ya ufundi wa ujenzi, baadaye akaenda jeshini Manchuria, kaskazini mashariki ya China, akaugua mapafu karibu afe akarudishwa, akafungua kampuni yake ya ujenzi na vita vilipoisha alikuwa ana hela. 1946 akagombea akashindwa, 1947 akarudi akapita.

Kwenye kampeni zake za mwanzo aliwaambia wanakijiji kwamba ule mlima wa Mikuni tutaubomoa, upepo upite uende zake Tokyo na theluji isianguke tena kwetu, na udongo tutaujaza baharini tuunge mpaka kisiwa cha Sado. Haiwezekani, na kila aliyekuwa anasikiliza alijua haiwezekani, lakini ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia mtu anayeomba kura akiongelea theluji kama jambo la serikali, sio kama amri ya Mungu. Hapo ndo mapenzi yao yalipoanzia, na mie siyadharau hata kidogo.

Sasa hapa nataka mkae kidogo. Nyie mnadhani alipanda kwa sababu ya hela. Hela ilikuwepo, lakini kwanza alisoma sheria. Mtu wa elimu ya msingi, amezungukwa na wenzake waliotoka Chuo Kikuu cha Tokyo, akaamua kwamba kama mbunge kazi yake ni kutunga sheria basi yeye atatunga, na katika maisha yake ya bungeni miswada 33 aliyoipeleka mwenyewe kama mbunge ilipita ikawa sheria. Sheria ya nyumba za umma za kupangisha watu wa kipato cha chini, sheria ya barabara ya 1952, na 1953 ile iliyosema kodi ya petroli itengwe kwa ajili ya kujenga barabara. Angalieni akili ya hiyo ya mwisho. Magari yakiongezeka mafuta yanauzwa zaidi, mafuta yakiuzwa hela ya barabara inaongezeka, barabara zikiongezeka magari yanaongezeka tena, na hakuna haja ya kwenda kupiga magoti hazina kila mwaka. Nchi nzima ilijengwa kwa mtambo huo. Nani kati yenu kaisoma sheria ya serikali za mitaa mwanzo mpaka mwisho? Nauliza kwa nia njema kabisa, manake nawasikia mkiongelea mabango na spika tu.

1957 akawa waziri wa posta ana miaka 39, akagawa leseni za televisheni kwa wingi kwa mkupuo. 1962 waziri wa fedha, na kule wizarani wasomi wakubwa walikuwa wanamsubiri waone huyu wa darasa la chini atafanya nini, akawaambia waziwazi kwamba yeye hana shule, wao ndo wataalamu, wafanye kazi bila woga na lawama zote atazibeba yeye. Alikuwa anawajua kwa majina, mwaka alioingia kila mmoja, mambo ya familia zao. Wakampenda.

Na nyumbani kwake Mejiro, Tokyo, kila asubuhi sebule zilikuwa zinajaa wenye shida, wengine wamekuja na mabasi usiku kucha kutoka Niigata, wanavua viatu wanakaa wanasubiri zamu. Yeye anatoka na upepeo mkononi, jasho linamtoka, anasikiliza dakika chache, anajibu hapo hapo, hili linawezekana hili haliwezekani, na akishasema linawezekana anashika simu. Hakuna njoo kesho. Daraja, shule, ajira ya kijana, bomba la maji la kuyeyusha theluji barabarani. Mtu anarudi kijijini na jibu. Hiyo ndo sifa ambayo nawaomba muichukue nzima nzima, kwamba mtu aliyesafiri usiku kucha kuja kukuona asirudi na maneno ya "tutalifanyia kazi".

Julai 1972 akawa waziri mkuu, ana miaka 54, kamshinda Fukuda Takeo, msomi aliyelelewa hazina, kura 282 kwa 190 ndani ya LDP, chama chao kilichokuwa kinatawala. Nchi ikashangilia, mtoto wa mkulima kafika. Na hakuchelewa, Septemba hiyo hiyo akaenda Beijing, akakaa na waziri mkuu wa China Zhou Enlai na kiongozi wao Mao, tarehe 29 wakatia saini tamko la kurudisha uhusiano wa Japani na China, jambo waliomtangulia walikuwa wanalizunguka kwa miaka. Ndani ya miezi mitatu isiyotimia! Ukitaka kujua uwezo wake ulikuwa mkubwa kiasi gani, basi ni hapo.

Kosa la kwanza likaanza na kitu kizuri. Kabla ya kuwa waziri mkuu alikuwa ametoa kitabu cha kueleza ataigeuza vipi Japani, viwanda vitoke miji mikubwa viende mikoani, treni za mwendokasi na barabara kuu zifike kote, kule nyuma kuwe mbele. Wazo la haki kabisa. Ila kila aliyekuwa na hela akasoma akajua wapi patajengwa, wakakimbilia kununua ardhi, bei ikaruka nchi nzima, na Oktoba 1973 bei ya mafuta ya Uarabuni nayo ikapanda, mwaka 1974 bei za vitu zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mama wa kawaida mjini hana tena uwezo wa kuota kununua kiwanja. Kwahiyo na nyie mkishapata mipango mikononi, mjue kwamba mwenye hela atafika kwenye kile kiwanja kabla ya trekta, na kama hamjaweka kinga mapema mnawaumiza wale wale mliowakusudia.

Halafu likaja la pili, na hili ndo lililonifanya niandike. Oktoba 1974 jarida moja la kila mwezi likachapisha uchunguzi wa hela zake, kampuni za makaratasi, ardhi ya kando ya mto Shinano kule kwao Nagaoka ilinunuliwa kwa bei ya chee kwa wakulima, kisha serikali ikaja kujenga kingo na daraja na thamani ikapanda mara nyingi sana. Wakulima gani hao? Ndo wale wale wa theluji. Kabla mwaka haujaisha ameshajiuzulu. Februari 1976 huko Marekani kamati ya Seneti ikafichua kwamba kampuni ya ndege ya Lockheed imehonga watu Japani ili ndege zake zinunuliwe, na Julai 27 Tanaka akakamatwa. Mashtaka, kapokea yen milioni 500 kupitia kampuni ya biashara ya Marubeni. Hela yenyewe ilikabidhiwa kwa mafungu manne ndani ya maboksi, gari kwa gari, mara nyuma ya ubalozi wa Uingereza, mara karibu na kibanda cha simu, mara kwenye maegesho ya hoteli, na risiti moja iliandikwa kwamba zimepokelewa karanga 100, karanga moja ni yen milioni 1. Yeye alikana mpaka anakufa.

Mtauliza, ya nini yote hayo kwa mtu mwenye akili zile. Jibu liko kwenye namna alivyolishika kundi lake. Ndani ya LDP kulikuwa na makambi, na ukubwa wa kambi unaamua nani awe waziri mkuu, na mbunge anakaa kwenye kambi inayomsaidia gharama za uchaguzi, michango ya misiba, harusi, zawadi za mwisho wa mwaka. Tanaka alikuwa anatoa kuliko wote na anatoa kwa adabu, bila kumdhalilisha anayepokea, hata wapinzani walionja. Mkono mtupu haulambwi, mnasema nyie, na yeye aliliamini hilo kwa moyo wote. Sasa mkono ukishazoea kulambwa lazima ujazwe kila siku, na wanaoweza kuujaza si wanakijiji wa Niigata, ni mkandarasi, ni mwenye ndege, ni dalali wa ardhi, na hao hawaombi bomba la kuyeyusha theluji.

Oktoba 12, 1983 mahakama ya Tokyo ikamhukumu miaka minne na faini ya yen milioni 500. Akakata rufaa, akabaki mbunge. Desemba mwaka ule ule ukaja uchaguzi, jimbo lake la Niigata likampa kura 220,761, nyingi kuliko alizowahi kupata maishani. Najua wengine mtaruka hapa mseme si unaona mzee, watu wameamua. Ngoja. Wale watu siwalaumu. Treni ya mwendokasi ilikuwa imefika Niigata mwaka 1982, kijiji kimoja cha milimani chenye kaya kama 60 kilipata handaki lake ili watu wasife njiani kwenye theluji, ukimwambia mama wa pale asimpigie kura Kakuei utakuwa humjui. Walikuwa wanalipa deni la fadhila na walilipa kiungwana. Lakini kura zile zilijibu swali la kwamba je alitutendea wema, na mahakama ilijibu swali la kwamba je alipokea rushwa, na jibu la moja halifuti jibu la pili hata zingekuwa kura milioni. Huko Tokyo kuna watu waliolipa kodi ambao handaki hawakupewa. Msije mkasimama siku moja jukwaani mkawaonesha wapiga kura wenu kama cheti cha kutokuwa na hatia, mtakuwa mnautumia wema wao vibaya.

Na msidhani chini ya hukumu alipumzika. Alikuwa ameshatoka kwenye chama tangu alipokamatwa, lakini kambi yake ndani ya LDP ndo iliyokuwa kubwa, Ohira, Suzuki, Nakasone wote walifika uwaziri mkuu kwa kusukumwa na yeye. Alichogoma ni kumpisha mtu wa kambi yake mwenyewe, aliogopa akimpisha basi yeye kwisha. Februari 1985 Takeshita Noboru, mwanasiasa aliyemlea mwenyewe, akaanzisha kikundi chake ndani ya kambi ile ile, wiki chache baadaye Tanaka akapigwa na kiharusi, ule ulimi uliojitibu kigugumizi ukashindwa. Mwaka mpya wa 1987 Takeshita akaenda Mejiro kusalimia akakuta geti limefungwa. Geti lile lile. Aliyelelewa kwa hela hakuona sababu ya kusubiri ruhusa, naye alikuwa ameshajua hela inapatikana wapi. Mwaka huo huo akawa waziri mkuu na 1989 akaondoka kwa kashfa ya wanasiasa kupewa hisa za kampuni ya Recruit. Mwenzake Kanemaru Shin, mwingine wa kambi hiyo, alikamatwa Machi 1993 kwa kukwepa kodi na wapelelezi wakakuta dhahabu aliyoificha. Mwaka huo LDP ikapoteza serikali kwa mara ya kwanza tangu iundwe 1955, na aliyeongoza kuipasua ni Ozawa Ichiro, naye kalelewa kisiasa na Tanaka. Mzee mwenyewe akafariki Desemba 16, 1993 rufaa yake haijaisha, na 1995 mahakama ya juu kabisa, kwenye kesi ya wenzake, ikathibitisha kwamba ile hela ilikuwa rushwa.

Sasa wanangu, mie sitaki muache kugombea, nataka mgombee, na nataka muwe na ile asubuhi ya Mejiro, milango wazi na jibu hapo hapo. Ila kabla ya kwenda kuchukua fomu kila mmoja wenu akae aandike karatasi, fulana kalipia nani, mafuta ya gari kaweka nani, nani kakupa ya kuzika jirani ukaonekana wewe ndo umetoa, na kila jina mwandike pembeni yake anafanya biashara gani na halmashauri. Mkikutana msomeane kwa sauti. Ambaye karatasi yake haisomeki mbele ya wenzake aje kwangu tuongee wawili, bado kuna muda wa kurudisha hizo hela.

Mzee wenu