KUH: PEDALI ZA USUKANI NA BREKI ZA NDEGE YANGU, NA MANENO NILIYOAMBIWA HANGARINI MWENU

Kwa Meneja,

Salamu kwa heshima zote. Naandika nikiwa na hasira, mtaniwia radhi, maana nimejaribu siku nne kuimeza na haimezeki.

Pedali mlizozifanyia kazi kwenye ile Piper J-3 Cub yangu ya mwaka 1946 hazifai. Alhamisi iliyopita nilipowaletea habari hiyo, fundi wenu mkuu alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akasema: "Mama, hii si cherehani. Kama miguu haifiki, tafuta mto." Kisha akarudi kwenye chai yake.

Kazi niliyowapa mnaijua, karatasi mnayo. Mimi ni mfupi. Cub ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma, na kutoka pale ncha za vidole vyangu vya miguu huzigusa kwa shida pedali za usukani, ule wa mkiani unaoigeuza ndege kushoto na kulia. Breki ziko sakafuni, za kukanyagwa kwa kisigino, na kuzifikia ni lazima niteleze mgongo. Nikiteleza, lile pua lililoinuka linaniziba macho kabisa. Ndiyo maana niliomba pedali za usukani zisogezwe nyuma inchi 2 kwa vipande vya alumini, na sahani za breki zisogee kiasi hicho hicho. Niliandika "kwa pamoja" nikapiga mstari chini yake. Kisigino na vidole ni vya mguu mmoja.

Ninyi mkasogeza usukani inchi 2 na breki hata inchi moja haikutimia. Nimepima mwenyewe kwa rula. Sasa ukikanyaga usukani wa kulia mpaka mwisho, kona ya kile kipande cha alumini inashuka juu ya sahani ya breki na kunasa pale, breki ikiwa imeshikwa. Ukiondoa mguu, haiachii.

Nililijua hilo nikiwa nimewasha injini, naelekea kujaza mafuta. Nilikunja kulia, gurudumu la kulia likakaza, ndege ikazunguka nusu duara kabla sijatamka neno. Sina haja ya kuwafundisha kwamba ndege ya gurudumu la mkia, uzito wake ukiwa nyuma ya magurudumu makubwa, ikianza kuzunguka hutaka kuendelea. Nilizima magneto, zile zinazoipa injini cheche. Ncha ya bawa la kushoto ilisimama hatua mbili kutoka kwenye mapipa. Ikabidi niiname, nipenyeze mkono kando ya kiti cha mbele, niing'oe ile sahani kwa vidole. Je, ingekuwa natua, upepo unavuma kutoka kushoto, nao mguu wa kulia umekanyaga mpaka mwisho? Nijibuni hilo kwa maandishi.

Nilipoinama nikaona na jingine. Nati ya bolti ya kulia haikuwa na pini ya kuizuia isilegee. Tundu la pini lilikuwapo, safi, tupu. Nati yenyewe niliizungusha kwa vidole viwili. Na mlipoirudisha ndege, kabla ya yote haya, nilifungua logibuku, daftari la kumbukumbu za matengenezo ya ndege, nikakuta mstari mmoja: "Pedali zimerekebishwa." Hakuna mchoro, hakuna kumbukumbu ya idhini ya mabadiliko, na saini ni moja. Tangazo la saini mbili mmelibandika wenyewe mlangoni, kwa herufi nyekundu.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14, vipande hivyo vitolewe, kazi irudiwe na fundi mwingine bila malipo, na logibuku ijazwe inavyotakiwa.

Lakini narudi Alhamisi, kwa sababu hapo ndipo usingizi wangu unapokatikia. Nilikuja nikiwa mpole. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka, nimevifunga leso. Nilisema, "Fundi, naomba uje uangalie, breki inanasa." Hakuuliza ya upande gani. Hakuuliza kama nimeumia. Palikuwa na wanafunzi watatu wa urubani mezani, wawili nawafahamu. Akageuka kwanza kwao, akahakikisha wanasikia, ndipo akasema: "Mama, hii si cherehani. Kama miguu haifiki, tafuta mto." Mmoja akacheka. Ninyi, Meneja, mlango wa ofisi yenu ulikuwa wazi, na nikauona ukifungwa.

Mama yangu alinisomesha kwa cherehani. Alikanyaga pedali ile tangu nikiwa darasa la kwanza hadi nilipomaliza sekondari, na akitengeneza nguo ya mtu mfupi, aliipima kwa mtu huyo. Fundi wenu hakunipima. Hakuniita hata siku moja nikae kwenye kiti aone miguu yangu inafika wapi.

Basi siku 14 nimezifuta, ni 7. Kurudia kazi hakutoshi, na wala sitaki mikono yenu iiguse tena ndege ile. Nataka shilingi 68,000 nilizolipa zirudi zote, pamoja na gharama ya fundi atakayeyasahihisha haya na ya maegesho kwa kila siku ambayo ndege imelala. Nataka na barua ya kuomba radhi, yenye saini yake na yenu, isomwe mbele ya wanafunzi wale watatu, palepale mezani.

Siku ya nane ikifika kimya, picha za nati ile na nakala ya logibuku zitakuwa mezani kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na wakili wangu atawasomea Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Vipande vyenu vya alumini havijatolewa. Nimeviacha vilivyo, na ile bolti isiyo na pini, ili atakayekuja kukagua avikute mlivyoviacha.

Wenu,
Mwenye ile Cub ya manjano