Baba nitamwandikia mwenyewe

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na Baba na wadogo zangu. Mimi huku Marekani sijambo. Barua hii naomba uisome ukiwa peke yako.

Mama, mimi ni mwanamke, ingawa mlinilea kama mtoto wa kiume. Nilijijua hivyo tangu utotoni, na sasa naishi hivyo mchana kweupe, kazini na mtaani.

Najua utauliza kwa nini nilikuficha. Kumbuka tulivyokuwa tukienda kwa daktari. Alikutazama wewe, akakuuliza wewe, nawe ukanigeukia na zile ishara zetu za nyumbani: inauma wapi, tangu lini? Nilikupenda kwa hilo na bado nakupenda. Lakini kiziwi anayesemewa na mama yake hana siri. Lolote nililotaka kumwambia mtu lilipita kwako kwanza, na ishara zetu zilitosha kusema njaa, homa, nimechoka. Kwa jambo hili hatukuwa na ishara hata moja. Nikanyamaza miaka yote ile, na ukimya wangu ukauita upole.

Huku iko sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu. Hospitali inatakiwa ilete mkalimani wa lugha ya alama kwa gharama yake, mgonjwa hadaiwi kitu. Hata hivyo niliogopa, maana jamii ya viziwi ni ndogo. Mkalimani uliyemkuta kliniki leo, kesho unakutana naye harusini. Yule dada mkalimani akanieleza kabla hatujaingia kwamba maadili ya kazi yake hayamruhusu kutoa nje neno lolote. Akakaa nyuma kidogo ya bega la daktari ili niwaone wote wawili kwa pamoja. Daktari akanitazama mimi. Akaniuliza mimi: nikuite nani? Mikono ilinitetemeka, nikalitaja jina langu kwa vidole, herufi moja moja.

Usihofu kwamba nimepatwa na wazimu. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, hali hii iliondolewa kwenye magonjwa ya akili. Homoni za kike natumia kwa maelekezo ya daktari, na damu napimwa. Mabadiliko huja polepole sana, mengine huchukua miaka. Sauti haibadiliki kwa dawa hizi, na wanawake wengi kama mimi wanaosikia huumia kwa hilo, hata wakaenda kufundishwa upya kuzungumza. Mimi sauti yangu ni mikono, na rafiki zangu viziwi wanasema siku hizi naongea bila kubana viwiko. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nabana.

Wazee watataka kunirekebisha, tena kwa nia njema. Sisi viziwi tumeshapitia hayo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wanaosikia, wakaamua shule zifundishe kwa usemi na kuacha alama. Watoto wakazuiwa kutumia mikono yao darasani, wakaambiwa wanasaidiwa. Kongamano la walimu wa viziwi lilikuja kuyakataa maazimio hayo mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada. Kwa hiyo ushauri nitausikiliza, Mama, ila uamuzi unaofanywa bila mimi kuulizwa siukubali tena.

Nina ombi. Tukipigiana simu ya video, mdogo wangu asikae katikati kutafsiri. Kaa wewe mbele ya kamera, penye mwanga, uniulize chochote, hata kama tutachelewa kuelewana. Nitakufundisha alama moja moja, kuanzia ya jina langu, ambayo viziwi wenzangu ndio walionipa.

Na Baba usimwambie kwa niaba yangu. Barua yake naiandika wiki hii.

Wasalimie wadogo zangu.

Binti yako