Batiki ya Tabora na nta ya nyuki

Mhariri,

Tabora ni mkoa wa nyuki, lakini batiki nyingi sokoni hapa huchapwa kwa mshumaa mtupu ulioyeyushwa, ambao kazi yake ni kuzuia rangi isiingie kwenye michoro. Ndiyo maana maua yake yana nyufanyufa na rangi imevuja hadi ndani ya michoro. Mshumaa ukipoa hukakamaa, na ukikunja kitambaa unapasuka. Nta ya nyuki hunata na kunyumbulika; mafundi wa Java, Indonesia, huchanganya vyote viwili. Tuanze na sehemu 3 za nta kwa 2 za mshumaa. Anayetaka nyufa za makusudi (nazo zina uzuri wake) azidishe mshumaa.

Kosa kubwa zaidi ni joto la nta inapopakwa. Geuza kitambaa: nta ikipenya, upande wa pili huonekana kama umelowa. Ikibaki nyeupe juujuu, ilikuwa imepoa mno. Ikitoa moshi sufuriani, epua upesi. Maji ya rangi yawe vuguvugu tu, maana nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hivi.

Na kitambaa kiwe pamba tupu, kifuliwe kwanza kutoa wanga wa kiwandani. Ukichemsha kutoa nta, usimwage maji: yakipoa, nta huganda juu, unaiokota na kuitumia tena.

Mdau wa batiki,
Ng'ambo, Tabora