Yau che ho haihitaji gari la kukodi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu matembezi ya Hong Kong iliwashauri wasomaji wakodi gari ili waonje "yau che ho", yaani kupanda chombo na kuzunguka kwa raha tu, bila shughuli yoyote mwisho wa njia. Huko ni kuwatia watu hasara bure. Maegesho ni taabu, na aliyeshika usukani haoni zaidi ya taa za breki za mwenzake. Tramu ya ghorofa inatosha kabisa. Tramu zimekuwa mitaani humo tangu mwaka 1904, na za ghorofa tangu 1912.

Ingieni kwa mlango wa nyuma, mpande juu, mkae siti za mbele kabisa. Nauli hulipwa wakati wa kushuka, mlango wa mbele karibu na dereva: gusa kadi ya malipo iitwayo Octopus au tumbukiza sarafu kamili, maana chenji hairudishwi. Ni nauli moja, ushuke kituo cha pili au cha mwisho. Wengi hupotea kwa kutosoma kibao cha mbele kinachoonyesha mwisho wa safari. Tramu ya Happy Valley huacha njia kuu ikazunguka uwanja wa mbio za farasi; ya Shau Kei Wan huendelea mashariki. Tamu kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya North Point: ikikaribia mwisho hupenya katikati ya soko la mtaa wa Chun Yeung, polepole, kengele inalia, na wanunuzi wanaipisha dakika ya mwisho na mifuko yao ya mboga.

Epukeni saa za kwenda na kutoka kazini. Ngazi ni nyembamba, na asiyeanza kuteremka mapema hupitilizwa. Tramu nyingi hazina kiyoyozi. Mvua ikinyesha madirisha hufungwa, vioo vinaingia ukungu, basi tena.

Anayetaka bahari apande basi namba 6 kutoka Central, katikati ya jiji, hadi Stanley, pwani ya kusini, akae juu upande wa kulia. Asipande 6X, kwani hilo hupita handaki la Aberdeen na kuziacha kona za mlimani. Hapa nauli hulipwa wakati wa kupanda. Mwepesi wa kichefuchefu akae chini, maana juu huyumba zaidi.

Na ikipandishwa ishara namba 8 ya kimbunga, tramu na mabasi huondolewa barabarani. Msitoke hotelini.

Wasomaji wenu