Shem, usiifungue hiyo UPS

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Kwako shemeji,

Salaam nyingi, wewe na dada yangu na watoto. Huku hatujambo, ila mama bado analia na magoti, na mvua ya juzi imelaza mahindi yote ya uani.

Ujumbe wako wa Alhamisi ulinikuta gizani. Unasema umepata betri ya gari iliyotumika, na ile UPS ya zamani, kile kisanduku cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, bado ipo, sasa unataka kuitoboa, utoe kibetri cha ndani, uvute waya hadi kwenye betri kubwa, na dada achape mitihani yake kwenye kompyuta bila wasiwasi hata umeme ukikatika. Shem, tulia kwanza. Njia hiyo mimi niliipita mwaka juzi.

Na ilikubali, ndiyo maana ikanidanganya. Siku ya kwanza umeme ulipokatika kompyuta haikuzima, nikaita majirani waje kuona. Dakika arobaini baadaye nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikagusa ubavu wa UPS, nikautoa mkono mbio. Transfoma ya ndani imetengenezwa kubeba mzigo dakika kumi, kumi na tano, uhifadhi kazi yako na kuzima. Saa tatu hakuna aliyeipangia. Halafu chaja yake ni ya kibetri cha ampea-saa 7 (ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), inatoa kama ampea moja tu. Betri ya ampea-saa 100 ikilishwa ampea moja itajaa baada ya siku nne na zaidi, umeme usikatike hata mara moja. Huko Busia umeziona lini siku nne za namna hiyo? Betri yangu ikawa inaishi nusu tupu, na betri ya asidi, kama hiyo yako ya gari, ukiiacha hivyo, salfeti inagandia kwenye mabamba yake na kuyaua. Mwezi wake wa tano ilikuwa ya kuzuilia mlango. Tena ziko UPS ambazo upande wa betri haukutenganishwa na umeme wa ukutani: unadhani umeshika waya wa volti 12, kumbe umeshika 240.

Watu wananicheka, eti naishi jirani na bwawa la Nalubaale, linatoa umeme tangu 1954, betri za nini? Bwawa halina kosa. Nguzo ikianguka mtaani kwetu, maji ya Nile yatanifaa nini?

Safari hii naunda mfumo mpya, na nimeanzia kwenye mzigo, yaani vifaa vitakavyokula umeme, betri baadaye. Niliazima kipima wati kwa fundi, nikakichomeka ukutani, nikasoma kifaa kimoja kimoja. Kompyuta ya mezani na skrini yake, mtu anaandika tu: wati 95, ingawa kibandiko cha nyuma kinajigamba 450. Kijana alipofungua mchezo wake ikaruka hadi 170, nikamfukuza. Laptopu ikichaji, 40. Rauta, 9. Printa ya leza sitaiunga kabisa, na wewe usiiunge, maana inapopasha moto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Dada aandike umeme ukiwa haupo, achapishe ukirudi. Mwambie nimesema mimi. Najua atanuna.

Hesabu nimeifanya kwenye daftari la mtoto. Jumla ni kama wati 150. Nataka saa nne, hizo ni wati-saa 600. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula sehemu yake, weka 700. Sasa betri ya asidi usiimalize, tumia nusu ukitaka ikae miaka, kwa hiyo natafuta wati-saa 1400. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea-saa 117. Maana yake betri moja ya 120. Na iwe ile wanayoiita betri ya sola. Ya gari ina mabamba membamba, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake. Kuichosha polepole kila siku ni kuiua. Lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza, hivyo ya 100 ingetosha na kubaki, na huchajiwa maelfu ya mara wakati ya asidi inahesabu mamia. Moyo wangu uko kwa lithiamu. Mfuko uko kwa asidi.

Ningekuwa wewe, lakini, ile kompyuta ya mezani ningeiuza nikanunua laptopu ya pili. Mzigo wote ungeshuka chini ya wati 100, na hapo betri ileile inakupa saa sita na zaidi. Laptopu pia haishtuki umeme unapohama kutoka ukutani kwenda kwenye betri, ina betri yake. Ya mezani huvumilia kama milisekunde 16 hivi, ikizidi hapo inajiwasha upya na kazi imepotea. Ukishikilia ya mezani, tafuta inveta inayohama ndani ya milisekunde 10. Nyingine zina swichi nyuma ya kuchagua kompyuta au vyombo vya kawaida. Na iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama ule wa ukutani. Zile za bei rahisi hufanya vifaa vingine vya kompyuta viungurume kama nyuki, vingine vigome kabisa.

Nimechagua ya wati 600 yenye chaja ya ampea 12 ndani yake. Ikibeba mzigo wote inavuta kama ampea 60 kutoka kwenye betri, kwa hiyo waya ni wa milimita za mraba 16, mfupi, usiofika mita moja, na fyuzi ya ampea 80 inakaa palepale kwenye kichwa cha chanya. Usikubali fundi akuambie fyuzi si lazima kwa sababu ni volti 12 tu. Nilimwona mmoja akiangusha spana juu ya vichwa viwili vya betri: cheche nyeupe, na spana ikang'ang'ania pale ikianza kuwa nyekundu. Tangu siku hiyo spana yangu nimeizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, na pete ya ndoa naivua kabla sijagusa kitu. Betri itakaa stoo yenye dirisha. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, basi chini ya kitanda isiwekwe, hata muuzaji aape kwamba imezibwa.

Naomba mambo mawili. Ukivuka upande wa Kenya, niulizie bei ya lithiamu ya ampea-saa 100, tulinganishe na ya Kampala. La pili, hiyo betri uliyonunua iache usiku mzima bila kuichaji wala kuitumia, asubuhi pima. Ikisoma volti 12.6 tutaifungia taa za banda la kuku. Ikiwa chini ya 12, mrudishie aliyekuuzia kesho hiyohiyo, kabla hajabadilisha laini ya simu.

Ni mimi shemeji yako.