Lalia ubavu, mtoto mlaze chali

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani, na sasa video fupi za kwenye simu, zimeshika mtindo wa kumtabiria msomaji tabia kwa kutazama anavyolala. Aliyejikunyata ni mwenye haya, aliyelala chali ni mwenye kujiamini, aliyelala kifudifudi ni mkaidi. Naomba nafasi niupinge mtindo huo. Mtu mzima hugeuka mara nyingi kwa usiku mmoja, kwa hiyo angekuwa na haya saa tano, akajiamini saa nane na kuwa mkaidi alfajiri. Wakati huohuo mambo ambayo mlalo huyabadilisha kweli, yaani njia ya hewa, mzunguko wa damu, tindikali ya tumbo, shingo na ngozi, hayaandikwi.

Nianze na mtoto mchanga, maana kwake kosa huenda lisipate nafasi ya kurekebishwa. Alazwe chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Mama na bibi wengi huogopa kwamba akicheua atapaliwa, ndiyo maana humlaza kifudifudi au ubavu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini maumbile yako kinyume chake. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa hukaa juu na njia ya chakula hukaa chini yake, hivyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ili yaingie kwenye pumzi. Ukimgeuza kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini, na maziwa huteremkia huko. Tena mdomo na pua vikielekea kwenye godoro, mtoto huivuta upya hewa aliyokwisha kuitoa, na katika mlalo huo usingizi wake huwa mzito kiasi kwamba hashtuki hewa safi inapopungua. Ubavu nao si salama kwa mtoto wa umri huo, kwa sababu mwili wake huporomoka kirahisi na kuishia tumboni.

Wala bibi zetu wasilaumiwe. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao kwa miongo kadhaa waliwashauri wazazi kuwalaza watoto kifudifudi. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Godoro la mtoto liwe gumu kiasi, shuka moja iliyovutwa ikakaza, basi. Ule mto mdogo wa pamba unaowekwa ili kichwa kikae vizuri uondolewe, pamoja na midoli na blanketi zito. Kichwa kikianza kubapa upande mmoja, dawa yake ni kubadilisha mwelekeo: leo kichwa kiwe upande huu wa kitanda, kesho upande wa pili, kwa sababu mtoto hugeukia mwanga au alipo mama yake. Akiwa macho na mtu anamwangalia, alazwe tumbo dakika chache, mara kadhaa kwa siku, shingo ipate nguvu. Akifikia kupinduka mwenyewe kwenda na kurudi, endelea kumlaza chali, kisha mwache atafute mlalo wake.

Najua katika nyumba nyingi mama na mtoto hulala kitanda kimoja, na sidhani kuwakemea kunasaidia. Yapo masharti. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kuleta usingizi asilale na mtoto. Mtoto asiwe katikati ya wazazi wala kando ya kaka au dada yake. Awe upande wa mama peke yake. Blanketi la mama liishie kiunoni. Ufa kati ya godoro na ukuta ni mtego, uzibwe kwa kusogeza kitanda kigusane na ukuta kabisa au kukiweka mbali nao. Na kwenye kochi mtoto asilalishwe kamwe, hata mama akiwa anamnyonyesha na kuhisi usingizi unamjia.

Mjamzito naye, kuanzia wiki ya 28, anapoanza kulala aanze kwa ubavu. Akiwa chali, uzito wa mji wa mimba huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Wengine huhisi kizunguzungu na jasho jembamba, wengine hawahisi chochote. Uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi kadhaa, zikiwemo New Zealand na Uingereza, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa waliokuwa wakianza usingizi chali walikuwa na uwezekano wa kujifungua mtoto mfu mara 2.6 hivi kuliko waliolala ubavu wa kushoto. Hatari yenyewe bado ni ndogo kwa kila mama mmojammoja, lakini kuikwepa hakugharimu kitu. Wanawake wengi wameambiwa ni ubavu wa kushoto tu, na wakijikuta kulia wanaingiwa na hofu. Katika uchambuzi huo kulia na kushoto havikutofautiana. Kinachohesabiwa zaidi ni mlalo wa kuanzia, kwa sababu ndio ambao mtu hukaa nao muda mrefu. Akizinduka usiku yuko chali, ajigeuze na kuendelea kulala. Kanga mbili zilizoviringishwa na kuwekwa nyuma ya kiuno humzuia asirudi chali. Mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mwembamba chini ya tumbo hupunguza maumivu ya nyonga.

Kwa mwenye kiungulia, ndipo kushoto na kulia vinapotofautiana. Mfuko wa tumbo umeelemea kushoto, na njia ya chakula huingilia upande wake wa juu kuelekea kulia. Ukilalia kushoto, tindikali hutuama chini ya mlango huo. Ukilalia kulia, mlango hukaa chini ya tindikali. Chakula cha usiku kiliwe muda wa saa tatu ukiwa umebaki kabla ya kulala. Kama tindikali bado inapanda, inua kitanda upande wa mchagoni kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande viwili vya mbao chini ya matendegu, vilivyochongwa shimo dogo juu ili tendegu lisiteleze. Kurundika mito mitatu hakufanyi kazi hiyo. Mito huinua kichwa na kukunja kiuno, tumbo linabanwa, na tindikali inasukumwa juu zaidi. Muislamu anayefuata sunna ya kulalia ubavu wa kulia hahitaji kuiacha. Kula mapema na kuinua mchago vitamsaidia.

Hapohapo nitoe tahadhari. Mtu aliyekuwa akilala na mto mmoja, kisha akaanza kuhitaji miwili, halafu mitatu, kwa sababu akilala bapa anakosa pumzi, na miguu yake inavimba, huyo asitafute mto mzuri zaidi. Aende hospitali apimwe moyo.

Anayekoroma hukoroma zaidi akiwa chali, kwa kuwa ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuziba njia. Mbinu rahisi ni kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira wa tenisi; kila akitaka kugeuka chali mpira unamkera, anarudi ubavu bila kuamka. Pombe ya jioni hulegeza misuli hiyohiyo. Lakini kama mwenzi wake anasikia pumzi ikikatika kabisa kwa sekunde kumi au zaidi, kisha mtu anashtuka kwa kuhema, na mchana anasinzia akiwa kazini au kwenye usukani, fulana haitoshi. Huo ni ugonjwa, una vipimo na tiba, na dereva wa masafa marefu mwenye dalili hizo asiupuuze.

Kuhusu mgongo na shingo kuna imani kwamba godoro likiwa gumu kama ubao ndiyo tiba. Mwaka 2003 nchini Hispania watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawiwa magodoro magumu na ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliopewa ya kati walikuwa na nafuu zaidi. Kabla ya kulaumu godoro, kagua chaga. Zikiachana zaidi ya upana wa vidole vinne, au moja ikivunjika katikati, hata godoro jipya litatengeneza shimo. Geuza godoro kila baada ya miezi mitatu, upande wa kichwa uende miguuni.

Anayelala ubavu aweke mto katikati ya magoti ili goti la juu lisiuvute uti wa mgongo, na mto wa kichwani ukishabonyea uwe na unene wa kuziba nafasi kati ya shingo na ncha ya bega. Kwa wengi ni sentimita 10 hadi 15. Anayelala chali hutosheka na mto mwembamba kichwani na mwingine chini ya magoti. Kifudifudi ndio mlalo mbaya kuliko yote kwa shingo, kwa sababu kichwa lazima kigeuzwe upande mmoja kwa saa nzima; asiyeweza kuuacha aondoe mto wa kichwani na kuweka mwembamba chini ya nyonga. Mwenye kifafa aachane nao kabisa. Na wakati wa kuamka, mwenye maumivu ya kiuno asijikunjue moja kwa moja kutoka chali: ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono.

Sasa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kwa mfano aliyepata kiharusi. Wengi hutunzwa nyumbani na ndugu ambao hakuna aliyewaelekeza, na vidonda vya kulalia huanza kimyakimya. Mgeuze kila baada ya saa mbili na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: saa mbili usiku kushoto, saa nne chali, saa sita kulia. Usimlaze ubavu wima hadi uzito wote ukae kwenye mfupa wa nyonga. Mwinamishe kama nyuzi 30, mto ukimshikilia kutoka begani hadi matakoni. Akiwa chali, weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Usimburute. Watu wawili washike shuka aliyolalia na kumnyanyua, maana ngozi huchanika kwa kuvutwa kuliko kwa kulaliwa. Mchago usiinuliwe zaidi ya nyuzi 30 ila wakati wa kula, la sivyo huteleza kidogokidogo kwenda chini na ngozi ya mkiani hubaki nyuma. Akila, akae wima, na abaki hivyo nusu saa baadaye.

Yapo makosa mawili ya wema. La kwanza ni kumkalisha kwenye mto wa duara wenye tundu. Duara hilo huikata damu pembezoni na kuliharibu lile eneo la katikati lililokusudiwa kulindwa. La pili ni kusugua sehemu iliyobadilika rangi, jambo linaloumiza mishipa midogo ambayo tayari imedhoofika. Vitabu husema tazama wekundu usiofifia ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: linganisha na ngozi ya jirani kama pana joto zaidi, au pamekuwa pagumu, au pateketeke, au rangi imekolea. Pakiwa hivyo, mgonjwa asilalie hapo tena hadi parudi kawaida, na mhudumu wa afya aone.

Chandarua kinajulikana, ila mlalo hukishinda. Mkono au goti likigusa wavu, mbu humng'ata mtu kupitia tundu akiwa nje. Chandarua cha duara hubana pembeni, hivyo wanaolala wawili kwenye kitanda kipana wanafaa cha pembe nne, na pindo lichomekwe chini ya godoro pande zote, ukiwemo ule wa ukutani. Kipya chenye dawa kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika, na kikifuliwa kwa sabuni ya kawaida kianikwe kivulini pia, kwani jua huharibu dawa.

Simu na kahawa ya jioni vimeandikwa vya kutosha. Sitavirudia.

Lakini jiko la mkaa siwezi kuliacha. Miezi ya Juni na Julai, huko Njombe, Makete, Mbeya na kwingineko kwenye baridi, watu huliingiza chumbani ili walale na joto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala hapati onyo lolote. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Pasha kitanda kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kitambaa, iondoe kabla ya kupanda, na vaa soksi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mchoraji wa gazeti achore picha tatu kubwa: mtoto chali kwenye godoro tupu, mjamzito ubavu na kanga nyuma ya kiuno, mgonjwa aliyeinamishwa nyuzi 30 visigino vikiwa hewani. Zichapwe kwa ukubwa wa ukurasa, ili anayetaka azikate na kuzibandika kliniki au chumbani kwa mgonjwa.

Muuguzi,
Morogoro