Kwa vijana waamini mlioanza kazi: kimya chenu kiwe cha namna gani

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Najua wengi wenu mnataka kumshuhudia Kristo kazini bila kupiga kelele. Nia ni njema. Ila kuna kimya kinachomkinga jirani na kuna kimya kinachokukinga wewe mwenyewe, na kwa nje vinafanana mno.

Msomeni Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu (1 Wafalme 18). Yezebeli, mke wa Ahabu, alipowaua manabii wa Bwana, Obadia aliwaficha 100, hamsini hamsini pangoni, akawalisha mkate na maji. Watu 100 wa kulishwa wakati wa njaa, huku mwenyewe akitumwa na mfalme kutafuta majani ya farasi! Hatusomi popote kwamba alihubiri mle ikulu. Kimya chake kilikuwa na watu ndani yake. Chenu kina nani?

Danieli naye, ilipotoka amri ya kukataza kumwomba Mungu, aliomba mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, kama alivyozoea. Hakuyafungua ili aonekane, wala hakuyafunga ili apone. Basi jiwekeeni saa ya maombi sasa, hata dakika 10, kabla jaribu halijafika.

Nalo litafika kwa sura ya karatasi. Tuseme zimepokelewa katoni 80 na fomu inasema 100. Usingoje hadi kalamu iwe mkononi na watu wamekuzunguka. Ukigundua tu, mwendee mkubwa wako mkiwa wawili, ana kwa ana, kama nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi alipokosa. Sema kwa ufupi: "Samahani, hii siwezi kuitia sahihi, tumepokea 80. Ukiniruhusu, nitaiandika upya sasa hivi." Kisha nyamaza. Usimsomee aya. Akiuliza kwa nini, hapo ndipo utaje imani yako, kwa upole. Petro alituagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye (1 Petro 3:15).

Wengi huharibu baada ya hapo. Wanatoka ofisini na kuwasimulia wenzao jinsi walivyokataa. Mkubwa aliyekuwa anaelekea kujirudi sasa ameaibishwa, na mtu aliyeaibishwa hushupaza shingo. Wengine huharibu mapema zaidi: anakataa fomu ya uongo, lakini kila siku anachelewa nusu saa na kujaza kwamba aliwahi. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha. Dakika za mwajiri nazo ni kipimo, wanangu, na wenzenu wanaziona.

Lakini anapoumizwa mtu asiye na wa kumsemea, mfanyakazi wa chini anayekatwa ujira, tuseme, upole usigeuke kichaka cha kujifichia. Andika tarehe, kiasi kilichokatwa, na waliokuwepo. Muulize kwanza mwenyewe kama anakubali usemewe, maana pigo la kwanza litamwangukia yeye. Ukisema peke yako usisikilizwe, rudi na mmoja au wawili, kama ilivyo Mathayo 18:16.

Na jambo ambalo mahubiri hulisahau: punguzeni madeni. Wekeni akiba ya miezi mitatu ya matumizi, kidogo kidogo, na mwenzi wako ajue mapema kwamba siku moja unaweza kurudi nyumbani bila kazi. Mwenye rejesho la mkopo mwisho wa mwezi huona kalamu ile nyepesi sana.

Mzee wenu katika Kristo